UKUTA WA MTO NA MASHAHIDI WATATU
(Somo la jeografia kwa kalasi zote)



Wakati wa masika, mto ukishuka na nguvu kutoka milima ya Mitumba, kesho yake asubuhi tunakuta kingo zimeanguka. Mahali palipokuwa na majani na migomba, sasa unasimama ukuta wa udongo, kama mkate uliokatwa na kisu. Ndani ya ukuta ule tunaona mistari: mabwe makubwa, kiisha mchanga, kiisha udongo mweusi, kiisha tena mabwe. Watu wengi wanapita tu na madumu yao ya maji. Lakini mwanafunzi mmoja alisimama akaniuliza: "Mwalimu, huu ukuta uko na miaka ngapi?"

Nilimjibu: "Miaka sijui. Lakini naweza kukuambia nani alitangulia kufika." Akacheka, akafikiri namtania. Kumbe jibu lile ndilo mwanzo wa elimu yote ya kupima umri wa ardhi. Leo tulitazame vizuri, kuanzia mito yetu ya Uvira mpaka kwenye barafu ya Ruwenzori.

1. TABAKA LINASEMA NANI WA KWANZA

Mwaka 1669 Nicolas Steno, mtaalamu kutoka Denmark, aliandika kanuni iliyo rahisi sana: tabaka la chini lililazwa mbele, la juu likafuata. Huwezi kulaza blanketi ya pili kama ya kwanza haijalala. Basi katika ukuta mmoja ambao haukupinduliwa, kushuka chini ni kurudi nyuma katika wakati.

Kila tabaka pia linasema kazi ya maji siku ile. Maji yenye nguvu yanabeba mabwe makubwa. Maji yakichoka yanaacha mchanga. Maji yakisimama kabisa, yanaacha potopoto laini. Na udongo mweusi wenye mizizi, huo haukuletwa na mto katika siku moja. Huo ni alama ya amani: majani yaliota, yakaoza, yakaota tena, miaka mingi mto haukufika pale. Kwa hiyo ukiona mabwe, kiisha udongo mweusi, kiisha mabwe, soma hivi: mto ulikuja na hasira, ukanyamaza muda mrefu, ukarudi.

Barafu ya milimani nayo inaacha tabaka zake. Barafu ikirundikana juu ya mlima mrefu inaanza kushuka polepole kwa uzito wake, inakwangua mwamba na kubeba kila kitu. Ikiyeyuka inaacha rundo tunaloliita moreni. Mto unachagua mizigo yake, mabwe huku na mchanga kule, na mabwe yake yanakuwa mviringo. Barafu haichagui. Inachanganya unga wa mwamba, changarawe, na mabwe makubwa kama nyumba, na mengine yana mikwaruzo kama ya msumari.

Lakini angalia! Mlima ukibomoka wakati wa mvua nao unachanganya kila kitu. Ukiona mchanganyiko wa namna ile katika bonde la Uvira, usikimbilie kusema ni barafu. Barafu huzaliwa juu sana, na milima yetu hapa haina urefu wa kuizaa. Hata kule Itombwe, kilele hakifiki metre 3,500, lakini Ruwenzori inafika metre 5,109. Mabwe yetu yaliletwa na maji na maporomoko. Shahidi asiseme jambo ambalo hakuliona.

2. CHINI HAPANA KUSEMA ZAMANI KILA MARA

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanaanguka kwenye mtihani.

Tuseme mto unapita katika bonde pana. Unalaza mchanga, unafanya uwanja. Kiisha mto unachimba, unashuka chini, na uwanja wa zamani unabaki juu kama ngazi. Chini yake mto unafanya uwanja mpya. Baada ya miaka unachimba tena. Sasa bonde lina ngazi 3. Ngazi gani ni ya zamani zaidi? Ya juu! Ya chini kabisa, pale wamama wanapofua nguo, ni ya jana.

Basi kanuni ni 2, wala hazipingani:
(a) Ndani ya ukuta mmoja, la chini ni la zamani.
(b) Katika ngazi za bonde lililochimbwa, ya juu ni ya zamani.

Moreni za barafu zina kanuni yao ya tatu. Barafu ikirudi nyuma kuelekea kilele, inaacha rundo kila inaposimama. Kwa hiyo moreni iliyo mbali na kilele, chini bondeni, ndiyo ya zamani. Iliyo karibu na barafu ya leo ni changa. Na kama barafu ingerudi kushuka na nguvu kubwa, ingefuta rundo zote ilizozipita. Ndiyo maana moreni tunazoziona ni zile tu ambazo hazikufutwa.

Katika Marekani, jimbo la Illinois, wataalamu walikuta kando ya mito tabaka la barafu, juu yake udongo wa zamani ulioivishwa na jua na mvua, na juu ya udongo ule tabaka jingine la barafu. Wakaelewa kwamba barafu ilikuja zaidi ya mara moja, na katikati palikuwa na wakati mrefu wa joto. Ni habari ile ile ya udongo wetu mweusi kati ya mabwe, ila kwa kipimo kikubwa zaidi.

3. NAMBA ZA MIAKA ZINATOKA WAPI?

Mpaka sasa tumepata mpango tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa kupata miaka tunahitaji kitu ndani ya tabaka ambacho chenyewe kinahesabu.

Mfano mwepesi. Tuseme ndani ya tabaka la mchanga umekuta feza ya chuma ya Zaire iliyoandikwa 1987. Je, tabaka lile ni la mwaka 1987? Hapana. Feza ile iliweza kukaa mfukoni miaka 10 mbele ya kupotea. Unaweza kusema neno moja tu la hakika: tabaka hili haliwezi kuwa la mbele ya 1987. Kiisha, juu ya tabaka lile umeota mwembe, na mzee wa pale anakumbuka aliupanda mwaka 2003. Sasa una mpaka wa pili: tabaka lilikuwa tayari mwaka 2003. Basi lililazwa kati ya 1987 na 2003. Hukujua mwaka wenyewe, lakini umeufungia ndani ya nyumba yenye milango 2. Namna hiyo ndiyo wanavyofanya kazi wataalamu wakubwa.

Mahali pasipo na feza wanatafuta makaa, miti iliyozikwa, mifupa. Kila chenye uhai kinakula kaboni, na sehemu ndogo sana ya kaboni ile ni kaboni 14, ambayo inapungua kidogo kidogo. Kiumbe kikifa hakipokei tena nyingine. Baada ya miaka 5,730 inabaki nusu. Baada ya 11,460 inabaki robo. Baada ya 17,190 inabaki sehemu 1 ya 8. Ikipita miaka karibu 50,000, kilichobaki ni kidogo mno, kipimo kinashindwa.

Kwa mabwe ya moreni kuna saa nyingine. Miale kutoka angani inapiga mwamba na kufanya ndani yake kitu kinachoitwa berili 10. Jiwe likiwa limezikwa ndani ya mlima au chini ya barafu nzito, halipigwi. Barafu ikiliacha juu ya moreni, hesabu inaanza. Ni sawa na bati la nyumba: kutu haihesabiwi tangu kiwandani, inahesabiwa tangu siku bati lilipowekwa kwenye mvua.

4. RUWENZORI: RUNDO LISILO NA TAREHE

Mlima Ruwenzori uko kati ya Kongo na Uganda, na uko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mwaka 1906, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipopanda vilele vyake, barafu ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba. Mwaka 2003 ilibaki chini ya kilomita 1 ya mraba, na tangu hapo inazidi kuisha.

Lakini bondeni kuna moreni kubwa sana, hata karibu metre 2,000 tu juu ya bahari, mahali ambapo leo ni msitu. Barafu kubwa ya zamani ilifika pale. Lini? Moreni haina tarehe juu yake.

Mtaalamu Henry Osmaston alizipanga moreni zile kwa zamu, kutoka za zamani mpaka changa. Ule ulikuwa mpango bila miaka. Naye Daniel Livingstone wa Marekani (si yule mmisionari David) alitoboa potopoto ya Ziwa Mahoma, ziwa dogo lililo katikati ya moreni hizo upande wa Uganda. Ziwa halikuweza kukaa pale wakati barafu ingali imekalia mahali pake. Kwa hiyo potopoto ya chini kabisa ni ya baada ya barafu kuondoka. Mwaka 1962 alitangaza umri wake: miaka karibu 14,700 ya kaboni, ambayo kwa kalenda ni karibu 18,000. Angalia maneno yenyewe: hakusema "moreni ina miaka 18,000". Alipata mlango mmoja wa nyumba yetu: moreni haiwezi kuwa changa kuliko hapo.

Shahidi wa pili alikuja baadaye sana. Mwaka 2014 Meredith Kelly na wenzake walitangaza umri wa mabwe ya moreni zenyewe, kwa kipimo cha berili. Walikuta barafu ilikuwa kubwa karibu miaka 25,000 na tena karibu miaka 20,000 iliyopita. Mwaka 2019 Margaret Jackson na wenzake wakaonyesha kwamba karibu miaka 20,000 iliyopita barafu ile ilianza kurudi nyuma. Ukitazama, mashahidi hawa hawapigani: kwanza barafu inaanza kuondoka, baadaye ziwa dogo linakaa mahali pake.

5. ISHANGO: SHAHIDI MMOJA HATOSHI

Chini ya Ruwenzori, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard, pako Ishango, ndani ya Mbuga ya Virunga, Kivu ya Kaskazini. Mto umekata ukuta mzuri. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, Mbeljiji, alichimba pale. Alikuta tabaka lenye mifupa, ncha za kuvulia samaki, na mfupa mmoja mdogo wenye alama nyingi zilizokatwa kwa mafungu, kama mtu anayehesabu. Mfupa ule siku hizi unatunzwa Bruxelles.

Umri wake? Makombe ya konokono wa ziwa yalipimwa, yakasema miaka karibu 21,000. De Heinzelin hakuyaamini. Alisema: konokono anajenga nyumba yake na kaboni ya maji ya ziwa, na maji ya ziwa yanaweza kuwa na kaboni ya kale kutoka ndani ya ardhi. Kwa hiyo kombe linaweza kudanganya na kujifanya mzee. Mwaka 1962 akaandika kwamba watu wa Ishango waliishi kati ya mwaka 9000 na 6500 mbele ya Kristo.

Sababu yake ilikuwa nzuri kabisa. Lakini jibu lake halikusimama. Tangu miaka ya 1980, Alison Brooks na wenzake walirudi Semliki, wakapima vitu vingine, kwa njia nyingine, na vikaonyesha kwamba tabaka lile lina miaka zaidi ya 20,000. Watu wale walivua samaki pale wakati barafu ya Ruwenzori ilikuwa imeshuka sana juu ya vichwa vyao!

Tujifunze hapa. Kumtilia shaka shahidi si kosa, ni kazi yetu. Lakini shaka peke yake haitoi mwaka. Sheria ya Musa (Kumbukumbu la Torati 19) inakataza kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Inataka wawili ama watatu. Sheria ile inafaa hata kwa mchanga na mabwe. Na mashahidi watoke nyumba mbalimbali. Makombe 10 ya ziwa moja ni ndugu wa tumbo moja: kama mmoja anadanganywa na maji, wote wanadanganywa.

6. ZIWA LETU NI SHAHIDI WA TATU

Tusifikiri habari ya barafu ni ya watu wa mbali. Katika vilindi vya Tanganika, potopoto inashuka kila mwaka, tabaka juu ya tabaka, bila kusumbuliwa. Ndani yake mna mabaki ya viumbe vidogo sana, na mafuta yao yanabadilika kufuatana na joto la maji. Mwaka 2008 Jessica Tierney na wenzake walitangaza hesabu ya miaka 60,000 kutoka potopoto hiyo. Wakati wa barafu kubwa, ziwa letu lilikuwa baridi zaidi kwa digrii karibu 3 hadi 4, na hewa ilikuwa kavu. Joto lilianza kupanda karibu miaka 20,000 iliyopita.

Miaka 20,000! Namba ile ile tuliyosoma juu ya mabwe ya Ruwenzori. Mmoja alitazama jiwe la mlimani, mwingine alitazama mafuta katika potopoto ya ziwa, na wakasema neno moja. Hapo mtu anaweza kuanza kuamini.

Hata Ruzizi ina habari yake. Zamani Ziwa Kivu lilimwaga maji upande wa kaskazini, kuelekea Ziwa Edouard. Volkano za Virunga zikafunga njia. Maji yakapanda mpaka yakapata mlango wa kusini, na karibu miaka 10,000 iliyopita yakaanza kushuka kwa Ruzizi mpaka kwetu. Kwa wakati wa ardhi, maji ya Kivu ni mgeni katika ziwa letu.

7. SWALI LA IMANI

Najua swali lililo katika midomo ya wengi: "Mwalimu, nyumbani nimefundishwa kwamba dunia ina miaka 6,000 tu. Nikiandika 20,000 katika mtihani, namkana Mungu?"

Ndugu yangu, hesabu ya 6,000 ilifanywa na watu waliojumlisha vizazi vya Biblia. Haikuandikwa kama mstari ndani ya Biblia. Wakristo wamesoma Mwanzo kwa namna mbalimbali, na waamini wa kweli wako pande zote. Mimi sitagombana na baba yako. Lakini amri ya tisa inakataza ushuhuda wa uongo. Ukisimama mbele ya ukuta wa mto, sema uliloliona, usizidishe, usipunguze. Kama hujui, sema "si mbele ya hapa, si baada ya pale". Kusema vile ni heshima kwa Yule aliyeyaumba mabwe. Yoshua naye alisimamisha mawe 12 ya Yordani ili watoto wa baadaye waulize habari yake. Kuuliza mawe si dhambi.

8. FAIDA YAKE KWETU

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake hapa Uvira. Watu makumi walikufa, na makumi ya maelfu walibaki bila makao. Wengi walisema: "Haijapata kutokea." Katika maisha yao, labda. Lakini pale ambapo ukuta wa mto unaonyesha mabwe makubwa juu ya udongo mweusi, mto wenyewe unashuhudia kwamba ulikwisha kupita, ukanyamaza, ukarudi. Udongo mweusi ule unatudanganya: tunaona ni shamba zuri, mahali pa amani, tunajenga. Kumbe ni amani ya katikati tu.

Ziwa nalo ni vile vile. Mwaka 1878 maji yalikuwa juu karibu metre 10 kuliko kawaida ya leo, mpaka mto Lukuga ulipofunguka upande wa magharibi, yakashuka. Yalipanda tena katika miaka ya 1960, na tena tangu 2020, yakaingia katika nyumba za kando. Mzee mmoja anakumbuka miaka 70. Ukuta wa mto unakumbuka maelfu.

Basi mbele ya baba yako kununua kiwanja karibu na mto, nenda naye wakati wa kiangazi, mtazame ukuta pamoja. (Wakati wa mvua usisogee! Ukuta uliolowa unaanguka bila kuaga, na hakuna somo linalostahili uhai wako.) Hesabuni tabaka za mabwe. Kila moja ni siku ambayo nyumba isingesimama pale.

MASWALI (Jibu katika kaye yako)

1. Chora ukuta wenye tabaka 4, kutoka chini: mabwe, mchanga, udongo mweusi, mabwe. Eleza habari yake kwa maneno yako.
2. Kwa nini ngazi ya juu ya bonde ni ya zamani kuliko ya chini, hali katika ukuta mmoja ni kinyume?
3. Makaa yaliyokutwa katika mchanga wa mto yana miaka 3,000. Mwanafunzi anasema: "Basi mchanga una miaka 3,000." Mwonyeshe kosa lake. (Fikiri: makaa yale yangeweza kutoka wapi mbele ya kufika pale?)
4. Mfupa umebakiwa na robo ya kaboni 14 yake. Una miaka mingapi?
5. Taja mashahidi 3 wa mwisho wa barafu kubwa katika eneo letu. Kwa nini tunasema hawatoki nyumba moja?
6. Uliza mzee mmoja wa mtaa wako: mto ulipita wapi alipokuwa mtoto? Andika jibu lake pamoja na mwaka, kama anaukumbuka. Majibu mazuri tutayakusanya, maana wazee nao ni tabaka, nalo linapotea kila mwaka.